Jinsi ya Kumbana Mwanasiasa Asiyetaka Kusema Msimamo Wake

Kama umewahi kuuliza swali la ndiyo au hapana kuhusu adhabu ya kifo, utoaji mimba, umri wa kuolewa au ndoa za jinsia moja, ukajibiwa kwa dakika tano bila kupata ndiyo wala hapana, mwongozo huu ni wako. Unamfaa mpiga kura wa kawaida, mtangazaji wa redio, anayeandaa mdahalo, kikundi cha vijana au cha waumini. Hautakuambia upande upi ni sahihi katika mambo hayo. Utakusaidia kujua aliye mbele yako yuko upande gani, au angalau kumfikisha mahali ambapo analazimika kukiri kwamba hataki kusema.

Hatua zote zinategemea jambo moja: acha kufukuzia maoni ya mwanasiasa, fuatilia kitendo. Mtu anaweza kutamka kwamba anathamini uhai, familia, mila, uhuru na haki za wote kwa pumzi moja, na asiwe amesema uongo hata kidogo. Lakini muswada ukifika bungeni, mbunge atapiga kura ya ndiyo au ya hapana, atajizuia kupiga, au hatakuwepo. Swali lako likimpeleka huko, maneno mengi hayamsaidii tena.

Kwa nini wanakwepa

Si woga tu. Katika suala linalogawa watu, kila jibu la wazi linapoteza kura fulani leo hii, na zile litakazoleta hazijulikani. Anayekasirishwa hukumbuka mpaka siku ya kupiga kura. Anayefurahishwa mara nyingi husahau. Ongeza wafadhili, viongozi wa dini, na vyama vya muungano ambavyo vyenyewe havikubaliani, utaona kwa nini mgombea anaona kimya ni nafuu.

Hata hivyo, hesabu hiyo si lazima itoke hivyo. Machi 1981, akiwania urais wa Ufaransa, François Mitterrand alitamka kwenye televisheni kwamba anapinga adhabu ya kifo, huku akijua Wafaransa wengi wakati huo walikuwa wanaiunga mkono. Tarehe 10 Mei alichaguliwa, na kufikia Oktoba mwaka huohuo adhabu hiyo ilikuwa imefutwa kisheria. Mweke akilini unapoambiwa kwamba hakuna mgombea anayeweza kusema wazi akashinda.

Hatua ya 1: Jua nani hasa ana mamlaka

Ukimuuliza mtu jambo lisilo mikononi mwake, umempa njia halali ya kutoka. Kabla ya kuandika swali, tafuta jambo hilo linaamuliwa wapi: katiba, sheria ya bunge, kanuni ya waziri, saini ya rais au hukumu ya mahakama.

Chukua adhabu ya kifo nchini Kenya. Mara ya mwisho mtu kunyongwa ilikuwa 1987. Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema ni kinyume cha katiba kumlazimisha jaji kutoa hukumu hiyo kwa kila anayepatikana na hatia ya mauaji. Adhabu yenyewe haikufutwa. Kwa hiyo mgombea ubunge akikuambia “hilo mahakama ilishalimaliza”, utakuwa na la kumjibu: mahakama iligusa ulazima, na kuifuta kabisa ni kazi ya bunge.

Tanzania nako kuna mfano wa umri wa kuolewa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Kufuatia shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Miaka kadhaa ilipita baada ya hapo bila bunge kurekebisha vifungu hivyo, na sababu iliyosikika mara kwa mara ni kwamba maoni ya wananchi bado yanakusanywa. Anayejua mlolongo huu hatauliza “unaonaje ndoa za utotoni?”, maana hakuna atakayezisifu hadharani. Atauliza: muswada wa kufanya miaka 18 kuwa kima cha chini kwa wote, bila kubagua dini wala mila, utauunga mkono?

Hatua ya 2: Soma rekodi kabla ya kufungua mdomo

Kama amewahi kushika wadhifa, kuna karatasi zake mahali. Pitia Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za majadiliano ya bunge, ilani ya chama chake, mahojiano ya zamani, na madodoso ambayo asasi huwatumia wagombea wakati wa uchaguzi. Mwaka 1996 Barack Obama, akiwania useneta wa jimbo la Illinois, alijibu dodoso kwa maandishi akiunga mkono ndoa za jinsia moja. Alipogombea urais mwaka 2008 alisema ndoa ni kati ya mwanamume na mwanamke. Mwaka 2010 akasema mawazo yake yanaendelea kubadilika, na Mei 2012 akatangaza kuziunga mkono. Aliyekuwa na ile karatasi ya 1996 alikuwa na swali zuri kuliko wote: ni nini kilichobadilika kati ya mwaka ule na leo?

Angalia pia kutokuwepo. Katiba ya Kenya ya 2010 inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe wa vyombo vya kuchaguliwa. Jukwaani ni wachache sana waliothubutu kuipinga kanuni hiyo. Lakini miswada ya kuitekeleza ilianguka mmoja baada ya mwingine, na zaidi ya mara moja sababu ilikuwa idadi: zilihitajika kura 233 katika Bunge la Taifa, na wabunge hawakutimia. Mbunge asiyeingia ukumbini siku hiyo ameamua jambo, hata kama jina lake halionekani upande wa hapana. Kwa hiyo usiishie kuuliza alipiga kura gani. Uliza alikuwa wapi.

Kuwa mwangalifu kidogo hapa. Katika baraza la Illinois, mjumbe anaweza kupiga kura ya “nipo” bila kusema ndiyo wala hapana, na Obama alifanya hivyo zaidi ya mara 100. Wapinzani wake walisema anakwepa. Lakini kwa kuwa muswada kule unahitaji wingi wa wajumbe wote, kura ya “nipo” kwa vitendo inaangukia upande wa hapana, na wakati mwingine hutumika kama mbinu ya pamoja. Jifunze kanuni za bunge husika kabla ya kumhukumu mtu.

Hatua ya 3: Andika swali lisilo na mlango wa nyuma

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo watu wengi wanapoharibu. Swali baya huwa refu, lina hotuba ya muulizaji ndani yake, na mwishoni linaomba maoni: “Mheshimiwa, ukizingatia maadili yetu na hali ya sasa ya vijana, wewe una mtazamo gani kuhusu suala hili la utoaji mimba?” Umempa mada tatu. Atachagua vijana.

Linganisha na hili: “Sheria ya sasa inaruhusu utoaji mimba pale tu maisha ya mama yakiwa hatarini. Muswada ukiletwa wa kuongeza waliobakwa, utapiga kura ya ndiyo, ya hapana, au hutapiga?” (Sheria hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo anza na sheria yako.) Swali hilo linaeleza hali ilivyo, linataja badiliko moja na kuomba kitendo kimoja. Pia linampa nafasi ya kusema hatapiga, na nafasi hiyo ni muhimu, kwa sababu anayebanwa kati ya mawili hulalamika kwamba anategwa, na ukumbi humwonea huruma.

Ondoa sifa zote zinazoonyesha uko upande gani. Ukisema “sheria hii ya kikatili” au “upotovu huu”, atalijibu neno lako na kuliacha swali. Mpe rafiki anayepingana nawe alisome kabla; akishindwa kujua unasimama wapi, limeiva.

Epuka kuuliza dhambi, imani au moyo wa mtu pale unachotaka kujua ni kura yake. Katika uchaguzi wa Uingereza wa 2017, Tim Farron, kiongozi wa chama cha Liberal Democrats na Mkristo wa kiinjili, aliulizwa tena na tena kama anaona mapenzi ya jinsia moja ni dhambi. Alijiumauma, baadaye akasema si dhambi, na Juni mwaka huohuo akajiuzulu uongozi akieleza kwamba imekuwa vigumu kuongoza chama na wakati huohuo kuishi kwa uaminifu kama Mkristo. Alikuwa na rekodi ya kura bungeni kuhusu ndoa za jinsia moja, na hiyo ingeweza kuulizwa moja kwa moja. Mimi naona swali la dhambi halikuwa la haki, na zaidi ya hapo halikuwa na faida: jibu lolote lisingemwambia mpiga kura sheria ingebadilika vipi.

Hatua ya 4: Tambua chenga, na ujue swali la kufuatia

Chenga si nyingi. Ukishazisikia mara chache utazijua kwa maneno ya kwanza tu.

“Hilo si suala linalowasumbua wananchi kwa sasa.” Julai 2015, akiwa amesimama na Obama jijini Nairobi, Rais Uhuru Kenyatta alisema haki za wapenzi wa jinsia moja si suala kwa Wakenya kwa wakati ule. Huenda anayesema hivyo ana hoja kuhusu vipaumbele, kwa hiyo usibishane naye juu ya hilo. Sema: “Nakubali kuna mengine makubwa zaidi. Sheria iliyopo inatumika leo. Utaiacha ilivyo au utaibadilisha?” Akisema ataiacha, umepata msimamo kamili.

“Mimi binafsi sikubaliani nalo, lakini…” Usiikatize hii. Nyuma yake kuna mapokeo mazito. Mario Cuomo, gavana wa New York na Mkatoliki, aliieleza kwa hotuba nzima katika Chuo Kikuu cha Notre Dame mwaka 1984, akitenganisha anachokiamini kuhusu utoaji mimba na anachoweza kuwalazimisha wengine kwa sheria. Tatizo ni wale wanaoishia kwenye “lakini”, ili kila msikilizaji aondoke na nusu anayoipenda. Mwombe amalizie: “Kwa hiyo sheria iseme nini?”

“Tuwaachie wananchi waamue.” Hii inasikika vizuri, na wakati mwingine ni uamuzi wa busara. Mwaka 1975 Harold Wilson, waziri mkuu wa Uingereza, aliruhusu mawaziri wake kupingana hadharani kabla ya kura ya maoni kuhusu Uingereza kubaki katika Jumuiya ya Ulaya, lakini serikali yenyewe ilitamka inapendekeza kubaki. Ireland ilipeleka suala la utoaji mimba kwanza kwa baraza la raia 99 wa kawaida, kisha kwa wapiga kura Mei 2018, na asilimia 66.4 wakakubali katiba ibadilishwe. Waziri mkuu Leo Varadkar alikuwa amesema mapema atapigania upande upi. Kumbe mtu anaweza kuwaachia wananchi uamuzi na bado akasema lake. Muulize: “Na kura yako wewe, siku hiyo, itakuwa ipi?” Kisha: “Wananchi wakiamua kinyume nawe, utapitisha sheria wanayoitaka?” Swali la pili lina uzito hasa pale kura ya maoni isipokuwa na nguvu ya kisheria, kama ile ya posta ya Australia mwaka 2017, ambapo asilimia 61.6 waliunga mkono ndoa za jinsia moja lakini uamuzi ulibaki kwa bunge.

Kutoegemea upande wowote nako ni msimamo, ukisemwa waziwazi. Novemba 2019 Jeremy Corbyn, kiongozi wa chama cha Labour cha Uingereza, alisema atabaki kati endapo kura ya pili ya Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, ingefanyika. Chama chake kilishindwa vibaya mwezi uliofuata, kwa sababu zaidi ya hiyo moja, lakini angalau wapiga kura walijua alisema nini.

“Bado natafakari.” Inaweza kuwa kweli. Anayetafakari kweli anaweza kukuambia anasubiri kujua nini na atakuwa ameamua lini. Asiyeweza kutaja hata kimoja hatafakari.

“Suala liko mahakamani.” Kuna mahali kanuni humzuia mtu kuzungumzia kesi inayoendelea. Heshimu hilo. Uliza kuhusu baada ya hukumu: mahakama ikibatilisha kifungu hiki, utaunga mkono sheria mpya ya namna gani?

Iko pia ya kuunda tume. Muulize ripoti itatoka mwezi gani, na kama yuko tayari ichapishwe yote.

Ya mwisho ni kujibu swali jingine kabisa, kwa ufasaha. Dawa yake ni kurudia maneno yaleyale. Mwaka 1997 Jeremy Paxman wa BBC alimuuliza Michael Howard, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, swali moja zaidi ya mara 10 mfululizo, kama alimtishia mkuu wa magereza kwamba angetengua uamuzi wake. Jibu la moja kwa moja halikupatikana, lakini kila mtazamaji aliona kwamba halikupatikana. Kwenye mkutano wa hadhara mara tatu zinatosha. Ukizidisha, watu watageuka kumtetea.

Hatua ya 5: Uliza ana kwa ana

Mtego mkubwa wa mikutano ni kuchukua maswali kwa mpigo: watu watano wanauliza, kisha mheshimiwa “anajumuisha”. Lako litamezwa. Ongea na mwongoza mkutano mapema akubali swali moja jibu moja. Akikataa, panga na wenzako wanne muulize swali lilelile, neno kwa neno. Na usikabidhi kipaza sauti mpaka ujibiwe. Shikilia kwa adabu tu.

Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

— Mheshimiwa, muswada wa kufuta adhabu ya kifo ukiletwa katika muhula huu, utapiga kura ya ndiyo, ya hapana, au hutapiga?

— Asante sana dada yangu kwa swali zuri. Mimi nimelelewa katika familia inayomcha Mungu. Uhai ni zawadi. Lakini tusiwasahau waliopoteza ndugu zao mikononi mwa wauaji.

— Nashukuru, Mheshimiwa. Umetaja sababu za pande zote mbili. Kura yako itakuwa ipi?

— Jambo hili linahitaji mjadala mpana wa kitaifa.

— Mjadala ukishafanyika na muswada ukarudi bungeni, kura yako itakuwa ipi?

— Nitawasikiliza wananchi wangu.

— Wakigawanyika nusu kwa nusu?

— Hapo nitafuata dhamiri yangu.

— Na kwa leo, Mheshimiwa, dhamiri yako inasemaje?

Dada huyu hakumkatalia jibu hata moja. Kila alichosema alikikubali, akakifuata mpaka mwisho wake, na njia za kutokea zikaisha bila yeye kupandisha sauti. Mgombea akiendelea kuzunguka, limebaki moja: “Basi niandike kwamba Mheshimiwa hakutaka kusema?” Wengi hapo ndipo hujibu.

Hatua ya 6: Andika jibu, mrudishie alithibitishe

Andika maneno yake kama alivyoyasema, tarehe, na mbele ya nani. Kisha liweke jibu katika moja ya mafungu haya: ataunga mkono, atapinga, hatapiga kura, hajaamua (na anasubiri nini), amekataa kujibu. Usibuni fungu la “anaelekea kuunga mkono”. Huko ni kumkisia.

Kabla ya kuchapisha au kusambaza, mtumie: “Tumeelewa kwamba utapinga muswada huu. Kama tumekosea, tusahihishe kabla ya Ijumaa.” Hatua hii watu huiruka kwa haraka, na ndiyo inayokulinda na lile dai la “nilinukuliwa vibaya”. Mara nyingine pia huleta jibu lililo wazi kuliko la mkutanoni.

Linganisha hadhira. Anachowaambia viongozi wa dini faraghani, wanafunzi chuoni na wahisani wa nje vinaweza kuwa vitu vitatu. Katika kura ya maoni ya katiba ya Kenya mwaka 2010, ndiyo ilikuwa kijani na hapana nyekundu, na wanasiasa walioshukiwa kuwa kijani nje na nyekundu ndani walibandikwa jina la “tikiti maji”. Watu walilitumia kwa sababu walikuwa wakilinganisha maneno ya jukwaa moja na jingine. Fanya hivyo kwa rekodi za sauti na tarehe, usitegemee fununu.

Usimwadhibu aliyejibu

Hili linaniuma zaidi ya mengine. Tukishapata majibu, aliyesema wazi asichopenda umati hutukanwa wiki nzima, na aliyekwepa anaachwa alale salama. Mwaka unaofuata wote wanakwepa. Kama hukubaliani na mgombea aliyejibu, mnyime kura yako, hiyo ni haki yako. Lakini mahali unapochapisha orodha, tanguliza waliojibu wote, wa upande wako na wa pili, na waliokataa wapewe nafasi yao chini, kwa herufi za ukubwa uleule.

Na kuna kimya kinachostahili kuachwa. Anayewania ujaji hapaswi kuahidi hukumu kabla ya kusikiliza kesi. Mahali ambapo jibu linaweza kuhatarisha maisha ya mtu au ya jamii ndogo inayosemwa, uliza kwa barua, usiulize mbele ya umati uliopandwa na hasira. Historia ya familia ya mgombea, mimba ya binti yake, ndoa ya ndugu yake, si mali ya mpiga kura.

Hatua ya 7: Baada ya uchaguzi

Aliyeshinda mwandikie ndani ya mwezi wa kwanza, barua fupi yenye nakala kwa ofisi ya chama chake. Inaweza kusomeka hivi:

“Mheshimiwa, katika mkutano wa tarehe fulani ulisema utapiga kura ya ndiyo kwa muswada wa umri wa kuolewa kuwa miaka 18 kwa wote. Tumeambatanisha maneno yako kama ulivyoyathibitisha. Tunaomba kujua kama msimamo huo haujabadilika, na kama umebadilika, sababu zake. Muswada utakaposomwa mara ya pili tutaangalia orodha ya kura, na orodha ya mahudhurio ya siku hiyo.”